Maneno Magumu: Msamiati wa Kiingereza kati ya Mtihani na Kitabu

Mwaka 1604 ilichapwa mjini London kamusi ndogo iliyoandikwa na Robert Cawdrey, mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Ndiyo inayohesabiwa kuwa kamusi wahidiya ya kwanza ya Kiingereza, yaani kamusi inayoeleza maneno ya Kiingereza kwa Kiingereza chenyewe. Ilikuwa na vidahizo vipatavyo 2,500 tu. Haikujishughulisha na mkate, maji wala mlango. Ilikusanya maneno magumu, yaliyotoka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa, na kila moja likapewa maana kwa maneno mepesi. Katika ukurasa wa jina ilielezwa kwamba kitabu kimekusudiwa kuwafaa wanawake na watu wengine wasio na ujuzi, wapate kuelewa maneno watakayoyasikia au kuyasoma katika Maandiko, katika mahubiri na kwingineko.

Jambo hilo lafaa kutangulizwa kabla ya kumzungumzia mwanafunzi wa Afrika Mashariki na orodha yake ya maneno. Mara nyingi mwanafunzi huyo hudhani, na pengine huambiwa, kwamba ugumu wa Kiingereza cha juu unatokana na ugeni wake mwenyewe. Kwamba neno analolitafuta yeye kamusini, mtoto wa Kiingereza hulinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kwa maneno ya jikoni na ya uwanjani, dhana hiyo ina ukweli. Kwa maneno ya vitabuni haina. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza iliandikwa kwa sababu Waingereza wenyewe hawakuwa wakiyaelewa maneno ya lugha yao.

Ngazi

Sababu za hali hiyo zinajulikana. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama na ya mabwana kwa muda mrefu. Katika karne ya 16 wasomi wakaongeza shehena nyingine kutoka Kilatini na Kigiriki, hata wakatokea Waingereza waliolalamika na kuyabeza maneno hayo mapya kuwa ni ya kidau cha wino. Matokeo yake ni lugha yenye ghorofa. Kwa tendo moja la kuuliza liko "ask" la wenyeji, liko "question" lililopitia Kifaransa, na liko "interrogate" lililochotwa katika Kilatini. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kustaajabu, kwani nyumba yake nayo imejengwa hivyo hivyo: huuliza kwa neno la Kibantu, huhoji na husaili kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, na hujua bila kufundishwa kwamba mtoto humwuliza mama yake chakula kiko wapi, wala hamsaili.

Kamusi ya Cawdrey haikuzuka hewani. Karne nyingi kabla yake watawa wa Uingereza waliosoma Kilatini walikuwa wakiandika maana za maneno kwa lugha yao katikati ya mistari. Injili za Lindisfarne, zilizonakiliwa kwa Kilatini, zilitiwa sherehe ya namna hiyo kwa Kiingereza cha Kale katika karne ya 10 na kasisi aliyeitwa Aldred. Sherehe zikakusanywa zikawa orodha, orodha zikapangwa zikawa kamusi thaniya, kama ile ya Kilatini na Kiingereza iliyotolewa na Thomas Elyot mwaka 1538. Kamusi wahidiya ilifuata baadaye. Mwingereza aliipanda elimu kwa kukanyaga kwanza lugha ya mama, na hakuna aliyemwona kuwa mvivu kwa kufanya hivyo.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na desturi hiyo hiyo. Utenzi wa Hamziya, ambao kwa kawaida huwekwa katika karne ya 17 au ya 18, ni kazi ya Sayyid Aidarus juu ya kasida ya Kiarabu ya al-Busiri. Katika hati zake mstari wa Kiarabu hufuatwa na mstari wa Kiswahili, na msomaji huteremka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kufunga kitabu. Kiarabu cha kasida hiyo ni cha juu. Kiswahili chake nacho ni cha kale, kiasi kwamba msomaji wa leo huhitaji sherehe ya sherehe. Lakini mpango wenyewe ni wazi: neno gumu la lugha ya elimu limekalishwa bega kwa bega na neno la lugha ya nyumbani, na yote mawili yamo ndani ya matini inayosomwa kwa ajili yake yenyewe. Orodha, katika hali hiyo, ni ngazi ya kupandia kitabuni.

Lango

Mtihani uliibadili kazi ya ngazi hiyo. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutahini shule za Uingereza mwaka 1858, na mitihani yake ikasafiri pamoja na dola. Katika Afrika Mashariki ya ukoloni, cheti cha sekondari cha Cambridge kilikuwa ndicho kipimo cha msomi hadi baada ya uhuru. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatungwa sheria iliyounda Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kwa haki, karatasi za Kiingereza za Cambridge hazikuwa mbaya kwa namna zilivyoyatazama maneno. Ziliegemea ufahamu, ufupisho na insha, na mtahiniwa aliulizwa maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu alichokuwa akikisoma. Ubaya ulikuwa katika uzito. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, anasimulia habari ya mvulana wa darasa lake la mwaka 1954 aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, alichokishindwa. Akahesabiwa kuwa ameshindwa mtihani mzima. Mvulana huyo akaishia kuwa utingo katika kampuni ya mabasi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida tu lakini alifaulu vizuri Kiingereza, alipata nafasi katika shule ya Alliance. Simulizi hiyo fupi inaeleza mengi kuliko takwimu. Somo moja lilikuwa limepewa mamlaka ya kuyafuta yote mengine, na ndani ya somo hilo msamiati ndio uliotangulia, kwa sababu asiyejua maneno hawezi hata kuelewa anaulizwa nini.

Hata hivyo, mahali ambapo neno lilipimwa likiwa uchi, bila kitabu na bila kifungu, palikuwa Marekani. Tarehe 23 Juni 1926 vijana wapatao 8,000 walifanya kwa mara ya kwanza mtihani wa kuingilia chuo uliotayarishwa na jopo lililoongozwa na Carl Brigham wa Princeton, mtihani ambao baadaye ulijulikana duniani kwa herufi tatu za SAT. Miaka mitatu kabla yake Brigham alikuwa ametoa kitabu kuhusu akili za Wamarekani, kilichodai kwamba majaribio ya jeshi yamethibitisha tofauti za akili kati ya jamii za watu. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo hadharani. Mtihani wake, lakini, ulikuwa umekwisha kuota mizizi, na pamoja nao imani kwamba kujua kinyume cha neno adimu ni dalili ya akili ya kuzaliwa nayo.

Mfano uliorudiwa sana na wakosoaji ni swali la ulinganifu lililotaka mtahiniwa aone kwamba mkimbiaji kwa marathoni ni kama mpiga makasia kwa "regatta". Neno hilo la mwisho, lenye asili ya Venisi, ni mashindano ya mashua. Mtoto wa familia tajiri ya pwani ya Marekani alilijua kwa kuwa aliyaona mashindano hayo. Mtoto wa mtaa maskini wa Chicago angelijuaje? Inachekesha kufikiri kwamba kijana wa Lamu au wa Nungwi, aliyekua akitazama mashindano ya ngalawa, angeijua shughuli yenyewe kuliko wote wawili na bado akakosa alama. Swali lilidai kupima fikra, nalo likapima mtu amekulia wapi.

Wanafunzi walifanya ambalo mwanafunzi yeyote angelifanya. Walitengeneza kadi, wakanunua vitabu vya orodha, wakabukua maneno ambayo hawakutazamia kuyakuta tena. Biashara kubwa ikajengeka juu ya hofu hiyo. Polepole watunga mitihani walirudi nyuma: maswali ya vinyume yaliondolewa katika SAT mwaka 1994, ya ulinganifu mwaka 2005, na ya kujaza neno katika sentensi mwaka 2016. Mtihani wa kuingilia shahada za juu, GRE, ambao Waafrika Mashariki wengi wameufanya kwa ajili ya kwenda kusoma Marekani, uliacha vinyume na ulinganifu mwaka 2011. Ilichukua miaka 90 kutoka neno lililo uchi hadi neno lililovishwa kifungu chake.

Kuhesabu maneno

Wakati Brigham akipima, wengine walikuwa wakihesabu. Edward Thorndike wa New York alitoa mwaka 1921 orodha ya maneno 10,000 yaliyopangwa kwa jinsi yanavyojirudia katika maandishi. Mwaka 1932 yakawa 20,000, na mwaka 1944, akishirikiana na Irving Lorge, yakawa 30,000. Orodha hizo zilitoa swali jepesi lenye athari kubwa: kama neno fulani halitokei ila mara moja katika maelfu ya kurasa, kwa nini mtoto alijifunze kabla ya lile linalotokea katika kila ukurasa?

Aliyelipeleka swali hilo makoloni ni Michael West, mwalimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Dhaka katika Bengali. Aliona kwamba watoto wengi wa huko waliacha shule baada ya miaka michache, na kwamba Kiingereza walichokuwa wamejifunza hakikuwafaa kitu. Akajiuliza ni kipi mwanafunzi anaweza kuondoka nacho hata akiachia njiani, na jibu lake likawa ni uwezo wa kusoma. Katika ripoti yake ya 1926 na katika vitabu vya kusomea alivyovitunga baadaye, alipunguza msongamano wa maneno mapya hadi takriban moja katika kila maneno 50, na akahakikisha kwamba kila neno jipya linarudi mara nyingi kabla halijasahaulika. Mwaka 1935 yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza vidahizo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Orodha yake ya maneno 2,000 ya matumizi ya jumla ilitoka mwaka 1953. Katika Japani, A. S. Hornby na wenzake wawili waliandaa kamusi ya mwanafunzi iliyochapwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa upya na Oxford mwaka 1948. Ndiyo mama wa kamusi nene ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimeibeba mkobani.

Kazi ya West inastahili heshima kuliko inavyopewa, kwa kuwa ni ya mtu aliyemfikiria kwanza mwanafunzi atakayeshindwa kuendelea. Lakini ilikuwa na ukomo. Maneno 2,000 humfikisha msomaji kwenye kitabu kilichorahisishwa, si kwenye riwaya yenyewe. Mwaka 2006 Paul Nation wa New Zealand alikadiria kwamba msomaji anayetaka kuielewa riwaya bila msaada, akilijua neno katika kila nafasi 98 kati ya 100, huhitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Inafaa kutambua kwamba 98 kwa 100 ni neno moja geni katika kila 50, yaani kipimo kile kile ambacho West alikifikia Dhaka kwa uzoefu wa darasani. Na dhana ya familia ya maneno, ambayo walimu wa Kiingereza huieleza kwa kurasa nyingi, haina ugeni kwa mtu ambaye lugha yake imemzoesha soma, somo, somesha, msomi na usomaji.

Kati ya 2,000 na 9,000 kuna bonde, na hapo ndipo mwanafunzi wa sekondari hupotelea. Sehemu moja ya bonde hilo ilichorwa na Averil Coxhead mwaka 2000, alipotoa orodha ya familia 570 zinazotumika katika maandishi ya taaluma zote. Maneno ya kuchanganua, kukadiria, dhana na mchakato. Sehemu iliyobaki, ile ya fasihi, haina orodha, na haiwezi kuwa nayo. Neno zito kuliko yote katika hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaisari ni "honourable". Kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaijua maana yake. Halimo katika orodha yoyote ya maneno magumu, lakini kila Antony anapolirudia linageuka kidogo, mpaka linakuwa tusi. Aliyejifunza msamiati kwa kadi atalipita bila kusimama.

Makerere, 1961

Mwezi wa Januari 1961 wataalamu wa kufundisha Kiingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda. Mkutano huo ulikuja wakati nchi nyingi zilikuwa mlangoni mwa uhuru na zilihitaji walimu kwa maelfu, na misimamo iliyotoka humo iliathiri mafunzo ya ualimu kwa miaka mingi. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, aliichambua na kuipanga katika mafundisho matano, ambayo yeye anayaona yote kuwa ni makosa: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kuanza mapema ni bora, kwamba kadiri kinavyofundishwa zaidi ndivyo kinavyojulikana zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa mno kiwango cha Kiingereza kitashuka.

Kwa mjadala huu fundisho la kwanza ndilo lenye uzito. Lilimaanisha kwamba neno jipya lielezwe kwa picha, kwa ishara, kwa mfano au kwa neno jingine la Kiingereza, lakini lisielezwe kwa Kiswahili. Kwa neno kama "jump" njia hiyo inafaa, tena inachangamsha. Kwa neno kama "reluctant" mwalimu atacheza ngoma nzima mbele ya darasa, na watoto watatoka wakiwa na maana kumi tofauti, ilhali "kusitasita" kungemaliza kazi kwa pumzi moja. Utafiti wa baadaye haukuliunga mkono fundisho hilo. Mwaka 1997, kwa mfano, Batia Laufer na Karen Shmueli walionyesha kwamba wanafunzi wa Kiebrania waliopewa maana za maneno ya Kiingereza kwa Kiebrania waliyakumbuka vizuri kuliko waliopewa maana kwa Kiingereza. Aldred wa Lindisfarne asingeshangaa, wala Sayyid Aidarus.

Ajabu ni kwamba zana za kazi hiyo zilikuwepo. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya A. C. Madan ilichapwa Oxford mwaka 1894. Kutokana nayo Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, ilitayarisha chini ya Frederick Johnson kamusi sanifu iliyotoka mwaka 1939. Ni kweli kwamba kamusi hizo ziliandikwa kwanza kwa ajili ya Mzungu anayetaka kusema Kiswahili: neno la Kiingereza limechukuliwa kuwa linajulikana, na shida ni kupata la Kiswahili. Mwanafunzi Mwafrika aliitumia kinyumenyume, kama mtu anayevaa koti lililokatwa kwa mwili wa mwingine. Lakini alilivaa.

Mabepari

Miaka miwili baada ya mkutano wa Makerere, mwaka 1963, ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar. Mfasiri wake alikuwa Julius Nyerere, aliyesoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945 na Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Tanganyika. Mwaka 1969 aliitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari baada ya kuisahihisha, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alifasiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969.

Tafsiri hizo hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fikra nzito, na ni ushahidi kweli. Hutajwa mara chache kama kumbukumbu za namna mtu anavyojifunza maneno ya Kiingereza, na hilo ni pungufu. Mfasiri ndiye msomaji pekee asiyeweza kulipita neno. Mtahiniwa akiona "merchant" huandika mfanyabiashara, hupata alama yake, huendelea. Nyerere hakuandika hivyo. Alichagua "bepari", neno lililoingia Kiswahili kutoka Uhindi likiwa na maana hiyo hiyo ya mfanyabiashara, na ambalo kufikia miaka ya Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limebeba lawama ya mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Tena aliliweka katika wingi. Katika jina la Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio, ilhali Shylock ni mkopeshaji fedha. Wingi wa Kiswahili unawatia wote katika kapu moja. Mtu anaweza kubisha kwamba huko ni kuupindisha mchezo. Hawezi kubisha kwamba mfasiri hakuelewa neno.

Hapo tofauti kati ya msamiati wa mtihani na msamiati wa kusoma fasihi inaonekana bila nadharia yoyote. Mtihani hutaka kisawe kimoja kilicho sahihi. Kusoma hutaka kujua visawe vyote vilivyowezekana na sababu ya kuchagua kimoja. Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kazi hiyo ya pili hufanyika kwa ukamilifu zaidi lugha mbili zinapokuwa mezani pamoja. Clement Ndulute alipoifasiri Things Fall Apart ya Chinua Achebe kwa jina la Shujaa Okonkwo mwaka 1973, darasa lolote lililokuwa na vitabu vyote viwili lingeweza kukaa saa nzima na majina hayo mawili tu: moja lasema mambo yanavunjika, jingine lamtaja mtu.

Kidato cha Kwanza

Tangu 1967 elimu ya msingi ya Tanzania imefundishwa kwa Kiswahili katika shule za umma, na sekondari imebaki kwa Kiingereza. Mtoto huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine katika likizo moja. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali na kuripoti kwamba wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa Kiingereza, na kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa walikuwa katika kiwango cha kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya taaluma zao. Baada ya kuandika hayo, walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza, ulianza mwaka 1987 na kusambaza sekondari vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi. West alikuwa amefika Tanzania, miaka 60 baada ya Dhaka.

Vitabu hivyo vilikuwa na faida, maana mtoto aliyesoma hadithi kumi nyepesi amekutana na maneno mengi kuliko aliyenakili ubao mwaka mzima. Lakini havikuweza kuliziba bonde. Biolojia ya Kidato cha Kwanza haijarahisishwa, na mtihani wa taifa haungojei. Kilichotokea darasani kinajulikana kwa kila aliyepita humo: mwalimu husoma maelezo kwa Kiingereza, huyafafanua kwa Kiswahili, kisha huyaandika ubaoni kwa Kiingereza, na wanafunzi hukariri yale ya ubaoni kwa ajili ya mtihani. Maarifa yamo katika ile sehemu ya katikati, ambayo haiandikwi popote na ambayo mkaguzi akiingia hunyamazishwa.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikuwa, kwa wakati huo huo, ikifanya kazi iliyohitajika. Mwaka 1990 ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na nyingine ya isimu na lugha. Mwaka 1996 ilitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ambayo, tofauti na zile za Madan na Johnson, ilitungwa na Waswahili wasomi wakimfikiria pia Mwafrika anayekutana na neno la Kiingereza na kutaka kujua lina maana gani. Wanafunzi waliinunua kwa wingi, nyingine zikapigwa fotokopi kwa ukurasa. Koti lilikuwa sasa limekatwa kwa mwili wa mvaaji.

Katika miaka ya 2010 kundi la watafiti wa vyuo vikuu vya Tanzania, pamoja na wenzao wa Bristol, walitayarisha vitabu vya majaribio vya Kidato cha Kwanza kwa biolojia, hisabati na Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha sentensi fupi, shughuli za darasani ziliruhusu wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili, na maneno magumu yalipewa maana kwa Kiswahili ndani ya kitabu chenyewe. Mtoto aliyekwama kwenye neno hakulazimika kumngojea mwalimu wala kujifanya ameelewa. Alitupa jicho kwenye sherehe, akarudi kwenye sentensi, akaendelea kusoma.